Gari lako na maneno ya mtandaoni: namna ya kupima hofu kabla ya kutoa hela gereji

Kila gari linalouzwa Arusha lina sifa mbaya mahali fulani mtandaoni. Subaru inachemsha. X-Trail inaua giaboksi. Harrier inakula oili. Vitz haipandi mlima. Ukiamini yote utabaki na daladala, na ukipuuza yote kuna siku utasimama Kikatiti, bonneti juu, mvuke unapanda, na wapita njia kila mmoja ana ushauri wake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye katikati: ana gari au anataka kununua, amesoma ya kutisha, na fundi naye anasema lake. Njia ninayoifuata ni moja. Hofu yoyote igeuzwe iwe kitu ambacho fundi anaweza kukipima kwa kifaa au kukiona kwa macho. Isipogeuka, isikutoe hela.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni lipi hasa

Jina lililobandikwa nyuma ya gari halitoshi. Fungua bonneti utafute kibati. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kimepigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na nyingine kwenye nguzo ya mlango. Utaona maneno MODEL, ENGINE, FRAME No. na TRANS/AXLE. Piga picha, uitunze kwenye simu.

Chukua IST, kwa kuwa ziko kila kona kuanzia Sakina hadi Njiro. IST ya kwanza, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, yenye MODEL inayoanza na NCP60 au NCP61, ina giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia nne. Iliyofuata, ya 2007 kuendelea, ni NCP110 au ZSP110, nayo ina CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Kwa hiyo mtu akiandika "giaboksi ya IST ni mbovu" bado hajasema lolote. Kwa Toyota za otomatiki, TRANS/AXLE ikianza na herufi K, hiyo ni CVT. Ikianza na U au A, ni otomatiki ya kawaida.

Linganisha pia kibati na kadi ya gari, kisha na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Magari yaliyobadilishwa injini yapo mengi, na kadi haijui hilo mpaka mwenye gari aende kulisema.

Hatua ya 2: Iandike hofu kwa sentensi moja, na injini iwemo ndani

Sentensi iwe na injini au giaboksi, kifaa kinachoharibika, kilomita, na dalili. "Subaru zinachemsha" haina hata kimoja. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Forester ndiyo gari linalotisha watu kuliko yote mjini kwetu.

Sifa ya Subaru kuvujisha gasketi ya hedi, kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, ilikua zaidi Marekani, na gari lililoizaa lina injini ya EJ25, lita 2.5 isiyo na turbo. Malalamiko yale ni ya kweli. Lakini Forester nyingi tunazoletewa kutoka Japani, zile SF5 na SG5, zina injini ya EJ20, ya lita 2.0. Undugu upo, ila ni injini nyingine. EJ20 nayo inaweza kuunguza gasketi, na mara nyingi ni baada ya mwenyewe kuendelea kuendesha huku mshale wa joto umepanda, eti afike tu Usa River kwanza. Jambo ambalo EJ20 inalidai kwa ukali ni taimingi belti, mkanda unaoendesha vali zikienda sawa na pistoni. Ubadilishaji wake ni kila kilomita 100,000, na ikikatika, katika nyingi ya injini hizo vali hugonga pistoni. Forester za mwishoni mwa 2010 kuendelea zilizopewa injini ya FB20 zinatumia cheni, hivyo hofu ya belti haizihusu kabisa.

Sasa sentensi imebadilika. Badala ya "Subaru zinachemsha" una "SG5, EJ20, kilomita 140,000, belti haijulikani ilibadilishwa lini, rejeta haijawahi kupimwa." Fundi anaweza kuanzia hapo.

Mfano wa pili unaenda upande mwingine. Hofu ya CVT ya Nissan haikutungwa. Kampuni yenyewe iliongeza dhamana ya giaboksi hizo Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Lakini X-Trail ya umbo la kwanza, T30, iliyoisha 2007, ina otomatiki ya kawaida. Iliyoingia CVT ni T31 ya petroli. Kwa hiyo mwenye T31 achukue hofu yake kwa uzito, na mwenye T30 akose usingizi kwa mambo mengine.

Angalia vipimo pia. Wamarekani huandika kwa maili, na maili 100,000 ni kilomita 160,000. Malalamiko ya kutu huko kaskazini yanatokana na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Hapa hatumwagi chumvi, lakini gari linaweza kufika na kutu yake tayari, hasa lililotumika Uingereza au sehemu za Japani zenye theluji. Lala chini ya gari mwenyewe na tochi.

Hatua ya 3: Tenga za usalama, zishughulikie leo

Hofu nyingi zinaweza kusubiri sevisi. Eyabegi za kampuni ya Takata ya Japani haziwezi. Kilipuzi chake kilitumia amoniamu naitreti, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevu huharibika, na begi likifumuka linaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Magari yaliyorudishwa duniani kwa sababu hiyo ni mamilioni kwa mamilioni, ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine, na Takata yenyewe ilifilisika 2017.

Chukua ile FRAME No. uliyopiga picha, uiingize kwenye ukurasa wa kampuni ya gari wa kutafuta magari yaliyorudishwa, ule wa Japani ikiwa gari limetoka Japani, au umpelekee wakala rasmi wa kampuni hapa nchini. Fundi wa mtaani asiifungue eyabegi "aiangalie." Hakuna anachoweza kukiona, na kufungua kwenyewe ni hatari.

Kapu hili la leo lina vingine: breki, usukani wenye mchezo, na tairi. Tairi lina tarakimu nne ubavuni karibu na neno DOT. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka kwenye barabara ya Babati mchana wa jua kali.

Hatua ya 4: Pima

Anza na joto, maana ndilo linaloua injini nyingi na ndilo mtandao wa nje hauwezi kukueleza kuhusu mji wetu. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji matupu huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, siyo 100. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto lililo jirani kabisa na hapo, na feni huwaka likikaribia. Vinavyozuia maji yasichemke ni viwili: kulanti iliyochanganywa sawasawa, na kifuniko cha rejeta kinachobana presha. Vikiwa vizima, kiwango cha kuchemka hupanda hadi nyuzi 120 au zaidi. Kifuniko kikilegea, na ndani umejaza maji ya bomba, gari litachemsha foleni ya Sanawari hata kama injini ni mpya. Halafu mtu ataenda kuandika kwamba modeli ile ni mbovu.

Kwa hiyo mwambie fundi apime presha ya mfumo pamoja na kifuniko. Ukiwa na shaka na gasketi ya hedi, kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: injini ikiwa inaunguruma na gesi ya moshi inapenya kwenye maji, rangi hugeuka njano. Ni dakika chache. Kabla ya kukubali kufungua hedi, dai kipimo hicho.

Na fundi akikwambia, "Bosi, tutoe themostati, huku joto," kataa kwa heshima. Themostati ni vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto. Bila themostati injini haifikii joto lake, hasa asubuhi za Julai, inakunywa mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji ya moto yanazunguka na kurudi injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi ya mwanzo.

Oili. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4 iko kwenye Harrier, Alphard, Vanguard na Kluger nyingi za mjini. Zile za kuanzia 2006 hivi zilipata matatizo ya kula oili, na Toyota Marekani ilitoa mpango wa kuzitengeneza. Kipimo walichotumia ni cha kueleweka: gari likila zaidi ya kwati moja kwa maili 1,200, karibu lita moja kwa kilomita 2,000, linahesabiwa lina tatizo. Fanya hivyo hivyo. Jaza oili hadi alama ya juu asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare, andika kilomita, pima tena zikifika 1,000, kisha 2,000. Ikipungua kidogo, nunua lita ya akiba uiweke kwenye buti. Ukipoteza lita nzima, hapo zungumza na fundi kuhusu ringi za pistoni. Usikubali kumwagiwa 20W-50 ili "ikae." Kitabu cha gari ndicho kinachosema unene gani unaruhusiwa kwa hali ya hewa ipi, na oili nzito huficha ugonjwa tu; ukinunua gari, muuzaji naye anaweza kuwa amefanya hivyo hivyo.

Giaboksi. Mtandaoni kuna makundi mawili: "usiguse oili ya giaboksi, ukiibadilisha itakufa," na "imwagwe yote kwa mashine." Wote wana sababu. Oili iliyozeeka sana hubeba vumbi la klachi, na kuisukuma yote kwa presha kunaweza kuhamisha uchafu mpaka kwenye njia nyembamba. Kinachofaa kwa gari lisilo na historia ni kutoa kidogo uione. Ikiwa nyekundu au kahawia hafifu, endelea na ratiba. Ikiwa imepiga weusi lakini haina chuma, mwaga inayotoka yenyewe, jaza kiasi kile kile, rudia baada ya kilomita elfu kadhaa. Ikinuka kuungua na sampo ina vipande vya chuma, oili mpya haitakuokoa.

Aina ya oili hapa ndiyo roho ya mambo. CVT za Toyota zinataka CVTF yake, za Nissan NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, na otomatiki za Toyota ama T-IV au WS. Haidroliki nyekundu ya dumu "inayoingia gari lolote" ukiiweka kwenye CVT umeiua wewe, wala si Japani. Kwa giaboksi zisizo na kijiti cha kupimia oili, ujazo hupimwa oili ikiwa na joto maalumu, kwa Toyota nyingi karibu nyuzi 40, na gari likiwa limenyooka. Fundi asiyetaka kusikia habari ya joto, mshukuru uondoke.

Mashine ya kusoma hitilafu nitaipitia haraka. Kodi, ile namba ya hitilafu, inaonyesha eneo la kutafuta tu, kifaa cha kununua bado hujakijua. P0171 inasema mchanganyiko una petroli kidogo. Inaweza kuwa bomba la hewa limepasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka. Wengi huishia kununua sensa ya oksijeni. Fahamu pia kwamba baadhi ya magari ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayaelewani na visomeo vya bei ndogo. Kikikaa kimya, hicho kisomeo hakijakuambia gari ni zima.

Na kuhusu Vitz isiyopanda mlima: gari lisilo na turbo likitoka Dar likafika Arusha hupoteza karibu asilimia 13 hadi 15 ya nguvu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kabla hujabadilisha plagi, koili na pampu, tembeza jingine la aina hiyo hiyo hapa hapa mjini ulinganishe.

Hatua ya 5: Mpime fundi kama unavyompima mtandao

Swali linatosha moja: "Fundi, umejuaje?" Anayejua atakuonyesha. "Nimepima kompresheni, silinda ya tatu iko chini." "Njoo uone, bushi imekatika." Asiyejua atakwambia, "Hizi gari ndiyo ugonjwa wake, mama." Huyo naye anasoma mtandao ule ule uliokutisha wewe, isipokuwa yeye anatoza.

Lipia uchunguzi peke yake, tofauti na matengenezo. Watu huona ni kupoteza hela, lakini fundi aliyelipwa kutafuta hana haja ya kupata kitu cha kubadilisha ili ale. Kwenye kazi nzito kama hedi au giaboksi, peleka majibu ya kipimo kwa fundi wa pili bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Arusha tuna bahati ya mafundi. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kuna VETA, na kuna gereji za kampuni za utalii. Hizo za mwisho ziangalie wanavyofanya kazi. Land Cruiser ya injini ya 1HZ ya dizeli inarudi kutoka Serengeti imejaa vumbi na kesho kutwa ina wageni wengine. Haitunzwi kwa uvumi. Ina ratiba, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayomkumbusha dereva kwamba belti imefika. Fundi aliyelelewa kwenye gereji ya namna hiyo ukimpata Unga Limited, mshike.

Mtaalamu wa mtandaoni naye anapimika. Anataja injini kwa namba? Anakifungua kifaa ukione? Anasema lini ushauri wake hautumiki? Kama sivyo, ni msimulizi.

Hatua ya 6: Ratiba ya barabara zetu

Toyota kwa soko la Japani wanaandika oili ya injini ya petroli isiyo na turbo ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini mstari wa pili, usiosomwa, unasema kwa matumizi magumu ni kilomita 7,500 au miezi 6. Yenye turbo ni 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu 2,500 au miezi 3. Matumizi magumu maana yake vumbi na barabara mbovu, milima, na safari fupi fupi. Hiyo ni Moshono kwenda mjini kila siku, au Moshi mjini kupanda Kibosho na kurudi. Sote tuko mstari wa pili.

Kwa hiyo ile kilomita 5,000 ya kibandiko cha gereji ni ya busara kwa gari la kawaida. Anayekutisha kwamba ukivuka 3,000 injini imekufa, mwache. Anayesema 10,000 kwa sababu imeandikwa kwenye kopo, mwache pia.

Mengine kwa ufupi. Eya klina iangaliwe kila sevisi, na wa Kisongo au Ngaramtoni waiangalie mara mbili zaidi. Ikipulizwa kwa upepo, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Oili ya breki hunyonya unyevu, ibadilishwe kila miaka 2. Ukishuka Marangu au Machame tumia gia ya chini, iwe L, 2, S au B kadiri ya gari lako, usikanyage breki njia nzima. Stabilaiza linki na bushi zitakufa mapema kwa barabara zetu, na hiyo ni kawaida ya gari lolote.

Hatua ya 7: Weka hofu kwenye bei

Kabla ya kununua, nenda madukani na namba ya spea mkononi: belti, wotapampu, filta ya giaboksi, stabilaiza linki. Uliza ipo au inatoka Dar na basi la usiku. Gari zuri ambalo spea yake inakawia wiki mbili linaweza kukugharimu zaidi ya gari lenye ugonjwa unaojulikana na dawa iko dukani.

Nenda kuliona gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa bonneti. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Muuzaji asiye na kumbukumbu ya sevisi mchukulie hajafanya. Kama ni Forester ya EJ20 na hana risiti ya belti, pata bei ya belti, tensaina, wotapampu na ufundi, ikate yote kwenye bei anayotaka, ndipo mwanze kuongea.